Kiingereza cha Kukataa

Jirani yangu hapa Lubumbashi huchaji betri za magari. Kibanda chake alikiegemeza kwenye ukuta wangu bila kuniuliza, na kila anapomimina asidi, harufu inapanda ukuta na kuingia jikoni, chachu na kali, ya kuwasha pua. Watoto wanalalamika. Mimi huacha kisu nilichokishika, nikasimama tu. Mume wangu amekwisha kunizoea. Husema, haya, mama watoto amekwenda Shituru tena, na hakosei.

Wenzangu mliokulia kambini Shituru, kule Likasi, mkilala na kuamka kwa king'ora cha kiwanda, nyinyi hamna haja ya kuelezwa. Ile ndiyo harufu ya baba zetu. Kuna watu humkumbuka baba kwa tumbaku, au kwa sabuni ya kunyolea ndevu. Sisi tulipewa asidi, na tukaipenda hivyo hivyo, kwa sababu ilimaanisha kwamba baba amerudi nyumbani.

Baba, ambaye kwa desturi ya mji tulimwita papa, alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Kazi yake ilikuwa ndani ya lile jumba refu ambamo shaba hukaa kwenye mabirika ya asidi mpaka iwe safi. Mabomba yakiliwa na asidi, papa huitwa ayazibe. Suruali zake za kazi zilikuwa na vitundu vidogo vidogo mapajani. Mama alizifua kwenye beseni la peke yake na kuzianika mbali na nguo zetu, kwenye waya uliokuwa nyuma ya choo, na sisi watoto tulikatazwa hata kuugusa waya ule. Kwa hiyo nilijua tangu mdogo kwamba papa hufanya kazi na kitu kinachokula nguo. Kwamba kinakula na mtu, hilo halikunijia.

Kikohozi kilianza kama kikohozi cha mtu yeyote. Mama alimpikia majani, akampaka mafuta ya kifua, akamvalisha sweta hata jua likiwa kali. Hakikuondoka. Mwishowe daktari wa hospitali ya kambi alimwambia papa aache lile jumba, atafute kazi penye hewa. Papa akampelekea mkubwa wake wa kazi maneno hayo, na mkubwa akajibu kwamba kazi yenye hewa hakuna, na hata hii isiyo na hewa inapungua, kwa hiyo ashukuru. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kijana kabisa ili achimbe, akachimba mpaka akazikwa huku huku. Huko Kasai hatukuwa na nyumba ya kurudia. Tulikuwa na nyumba ya kambi, na nyumba ya kambi hufuata kazi.

Ndipo ikaja habari ya Zambia. Watu walisema kuna karakana kule Kitwe inayotafuta wachomeleaji, na mabwana wake watakuja Likasi kuchagua watu joto likianza, kabla ya mvua. Karakana yenyewe, walisema, haina kuta. Ni bati tu juu ya nguzo, upepo unapita pande zote. Papa aliirudia habari hiyo ya kuta mara nyingi kuliko habari ya mshahara. Alisema kule mtu anachomelea huku anapumua. Sharti lilikuwa moja, ajue Kiingereza kidogo, na papa hakujua hata cha kuombea maji.

Jirani mmoja alipoambiwa kwamba mtu wa umri ule anaanza lugha mpya, alicheka akasema mfa maji haachi kutapatapa. Papa naye akacheka. Akamjibu kwamba ni kweli, na kwamba wengine hutapatapa mpaka wakafika ukingoni.

Mwalimu alikuwa Tantine Bwalya, shangazi kwa heshima tu, si kwa damu. Alizaliwa Kitwe, akaolewa na mtu wa reli wa kwetu, na sasa alikuwa akishona nguo nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya chini, na kidoleni hakuvua subana yake ya kushonea hata akila. Utotoni aliwahi kuwa yaya katika nyumba ya Wazungu, na Kiingereza chake chote alikipatia jikoni kwao. Alikuja alasiri, siku ambazo papa alifanya zamu ya asubuhi, akiwa na kikapu cha nguo za watu za kupinda. Malipo yalikuwa papa kumtengenezea pasi yake ya makaa, ambayo bawaba yake ilikatika kila mwezi.

Hakuanza na salamu wala na majina ya vitu. Alikaa kwenye kigoda, akatunga uzi kwenye sindano, akasema:

“Kule, mutu asiyejua kukatala, banamubebesha makosa ya bantu bote. Muzungu anasema ulichelewa, weye unanyamaza, basi ulichelewa. Kintu ya kwanza nitakufundisha ni kukatala.”

Na kweli akamfundisha kukataa. Mtindo wake ulikuwa wake peke yake; sijauona tena kwa mwalimu mwingine, na mimi mwenyewe nimesoma. Alitazama huku na huku, akachagua kitu, akakisemea uongo kwa Kiingereza. Papa kazi yake ilikuwa kuukataa ule uongo mara moja. Tantine alisema “The chair is new,” kiti ni kipya, na papa, aliyekalia kiti kile kile chenye mguu wa waya, alijibu “The chair is not new.” Sentensi ikiwa haina kosa, Tantine aligonga subana mezani, ko, akasema “Correct,” sahihi. Kisha akatafuta uongo mwingine. Mlango ni mwekundu. Mlango si mwekundu. Ko. Paka ni mnene. Paka si mnene. Ko. Siku aliposema mboga ni baridi, mama alisikia jina la mboga likitajwatajwa huko barazani, akatoka na mwiko mkononi.

“Banasema nini juu ya mboga yangu?”

Papa alimwambia kwamba yeye ndiye aliyeitetea. Mama akarudi jikoni akiwa ameridhika nusu, na tangu siku hiyo aliyaacha masikio yake wazi.

Mimi nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta, nikapasua karanga na kusikiliza. Nilikuwa na umri wa kwenda shule, na nilikwenda. Shuleni tulifundishwa Kifaransa kwa fimbo, na kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, tulipanga mistari tukaimba na kucheza kwa ajili ya nchi na mkubwa wa nchi. Mwalimu aliuliza kwa sauti, sisi tuliitika ndiyo. Akauliza tena, tukaitika ndiyo kwa nguvu zaidi. Sikukumbuka siku hata moja ambayo jibu lilikuwa hapana. Nikirudi nyumbani namkuta papa wangu, mtu mzima aliyekuwa akiitika ndiyo kazini kutwa nzima, amekaa barazani anakataa. Anakataa, anakataa, na kila akikataa anapigiwa ko.

Basi mimi nikajitungia maana yangu. Niliona kwamba Kiingereza si lugha kama Kiswahili, ya kusemea mambo. Ni lugha waliyoitengeneza watu wa kule kwa ajili ya kukatalia. Jambo baya au la uongo likija, unalikataa kwa Kiingereza, na likishakataliwa sawasawa linaondoka. Ushahidi ninao: papa hakushindwa hata mara moja. Tantine hakuwahi kusema jambo, papa akalikataa, halafu jambo lile likabaki kuwa kweli. Mtoto haulizi zaidi ya hapo.

Tuliwahi kupata hofu kidogo. Kulikuwa na mtu wa chama aliyesimamia kambi yetu, mtu wa koti lililofungwa mpaka shingoni, aliyejua nani amekosa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, na kwa sababu gani. Alipita barabarani alasiri, akasimama kwenye ua wetu, akamwita papa kwa lile neno la chama, raia.

“Citoyen, kila siku napita, nasikia unakatala. Uko nakatala nini?”

“Sikatale kintu, citoyen. Niko nasoma.”

Yule mtu alitazama kikapu cha nguo, akamtazama Tantine, akanitazama mimi na karanga zangu. Akaenda. Tangu hapo masomo yalihamia ndani, dirisha likafungwa, na papa akawa anakataa kwa sauti ya chini. Kwangu mimi hilo lilithibitisha kwamba lugha ile ina nguvu, kwa kuwa hata chama kinaiogopa.

Miezi ya baridi ikapita. Mshahara ulianza kuchelewa, kisha unga wa kantini ukawa nusu ya mfuko, kisha haukujulikana siku ya kuja. Redio ikaondoka nyumbani. Kabati la vyombo likaondoka. Hapo nikaona Tantine anapata taabu ambayo sikuielewa. Alikaa, akatunga uzi, akatazama chumbani huku na huku, na asiseme kitu. Sasa najua alikuwa akitafuta uongo usiouma. Aseme nini? Chungu kimejaa? Meza ni ndefu, na meza ilikwisha kwenda? Siku moja ulimi ulimponyoka akasema chungu kimejaa, na papa akajibu kwa utulivu kwamba chungu hakijajaa, na subana haikugonga. Baada ya hapo alisemea mambo ya nje tu: mbingu ni kijani, kanisa ni dogo, moshi wa kiwanda ni mweupe.

Joto lilipokaribia, alibadili. Alisema wale mabwana wakija, jambo la kwanza watakaloliuliza ni afya, kwa hiyo papa lazima alijue jibu hili kuliko majibu yote. Akamsimamisha katikati ya chumba kama mtu aliye mbele ya hakimu. Tantine alisema “You are sick,” wewe ni mgonjwa. Papa alijibu “I am not sick.” Hapo kosa halikuwa katika maneno. Kosa lilikuwa kwamba katikati ya maneno papa alikohoa. Tantine akamwambia arudie. Akarudia, akakohoa mwishoni. Wakarudia, na papa akajifunza kuvuta hewa polepole kupitia puani, kuifungia ndani, kuisema sentensi yote kwa pumzi ile moja, na kukaa kimya baada yake, shingo imesimama, mpaka kikohozi kipite chenyewe.

Mimi niliyaona haya kutoka chini ukutani, na niliyaona hivi: papa akisema mimi si mgonjwa, kikohozi kinakoma. Alikuwa akikohoa tangu aliporudi kutoka kazini. Akasimama, akayasema maneno, akanyamaza. Dakika nzima chumba kilitulia. Mama mwenyewe alisimama mlangoni akisikiliza ule utulivu. Kama ile haikuwa dawa, basi mimi sikujua dawa ni nini.

Mabwana wa Kitwe walikuja wakati mijakaranda ya barabara kubwa imechanua, na maua yalikuwa yameanguka mpaka kwenye mitaro. Walipewa ukumbi wa parokia. Mama alipiga pasi shati na suruali ya harusi, akatumia ile pasi ya Tantine, ambayo siku hiyo bawaba yake ilikuwa nzima. Tulimsindikiza, mama na mimi, tukasimama nje ya ukuta wa parokia pamoja na wake na watoto wengine. Wanaume waliingia kwa zamu. Papa alipoitwa, aligeuka akanitazama, akavuta hewa puani, polepole, akanikonyeza.

Hakukaa. Mama alikuwa hajamaliza hata kumsalimu mwanamke aliyesimama karibu naye. Papa alitoka kwa mlango wa pembeni, shati likiwa halijafungwa vizuri, akatushika mikono wote wawili, tukaanza kurudi. Njia nzima alizungumza habari za maua, kwamba mwaka huu ni mengi.

Jioni Tantine alikuja bila kikapu. Papa akatueleza akiwa amesimama.

“Hakuna mutu aliniuliza Kingereza. Bale bantu banasema Kiswahili kama sisi. Daktari aliniweka mupira ya kusikiliza pumzi ku mugongo, akasema pumua. Nikapumua.”

Kisha akasema kwamba, kwa kuwa alikuwa ameibeba sentensi yake njia yote na hakutaka kurudi nayo, aliisema hata bila kuulizwa. I am not sick. Yule daktari, mtu mpole, alicheka vizuri, akamwambia, “Your English is not bad.” Kisha akaita mtu mwingine.

Mama aliuliza hiyo ina maana gani. Tantine, kama mtu aliyekuwa akingoja swali lolote ila lile kubwa, alieleza haraka kwamba Kiingereza chako si kibaya, kwa watu wa kule, ni sifa.

“Bakisema si mubaya, njo kusema muzuri. Bale habasifu mutu ovyo.”

“Na kazi?” mama akauliza.

“Banasema tungoje,” papa akasema.

Mama akaingia jikoni, na hatukumsikia akigusa chombo chochote.

Nyinyi wa kwetu mnajua “tungoje” ni nini. Kwetu neno baya halitupwi usoni kwa mtu. Linafungwa ndani ya neno laini, na mwenye akili alifungue akiwa peke yake. Mgonjwa wa kufa tunasema haiko mubaya sana. Aliyefukuzwa kazi amepumzika. Aliyekataliwa anangoja. Wakubwa wote watatu jioni ile walilifungua lile neno papo hapo, kila mmoja kimoyomoyo, na hakuna aliyenifungulia mimi. Mimi nilisikia kwamba Kiingereza cha papa kimesifiwa na daktari, na kwamba tunangoja. Basi nikangoja. Kamba yangu ya kurukia nilimpa rafiki yangu, nikamwambia kule Kitwe nitapata nyingine. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa, nikiikumbuka, inaniumiza kuliko msiba wenyewe.

Mvua zikaanza. Papa aliendelea na kazi kwa muda, kisha akawa anakwenda leo na kesho hawezi, kisha wakamwambia apumzike. Kiti chake chenye mguu wa waya kiliwekwa barazani, ukutani, upande ambao moshi hauji moja kwa moja. Tantine alipita kumjulia hali, akaleta uji, lakini habari ya masomo hakuigusa. Mimi nikaona wakubwa wamesahau dawa. Ndiyo maana papa hapati nafuu, nikafikiri, wameacha kukataa.

Basi kazi ya Tantine nikaichukua mimi. Nilikuwa nikitoka shuleni, nikaweka mfuko chini, nikasimama mbele yake na mikono nyuma.

“You are sick.”

“I am not sick.”

Nikagonga ukuta kwa jiwe, ko. “Correct.”

Alicheka mara ya kwanza mpaka machozi, na nilidhani ni kicheko tu. Kila alasiri tulifanya hivyo. Papa alinipenda kwa namna ya pekee. Nilikuwa na jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita mwanangu, aliniita mamu, na hakuweza kuninyima kitu. Hakuninyima na hili. Alivuta hewa puani, akaifungia, akaisema. Siku zilivyokwenda hewa ile moja haikutosha. Alisema “I am,” akapumzika, akavuta nyingine, akamalizia. Mimi nilimngoja. Mama alitoka akanigombeza, akasema nimwache papa apumue.

“Muache,” papa akamwambia. “Hii njo dawa yangu.”

Mama alitazama pembeni, akaingia ndani. Mimi nikajiona mshindi.

Alasiri moja ilinyesha mapema ikakatika, na bati la jirani lilikuwa linatoa mvuke. Nilimkuta papa ameinamisha kichwa, mikono imelala magotini. Nilimwonea huruma. Nikafikiri hili neno la ugonjwa ni zito, tuanze na dogo, alikatae kwa urahisi, halafu tupande. Nikatafuta katika maneno niliyoyaokota ukutani, nikapata moja.

“You are tired.” Umechoka.

Papa hakuvuta hewa puani. Aliniangalia, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi:

“I am tired, mamu.”

Nikangoja. Nikadhani yuko njiani, kwamba kipande kilichobaki kinakuja na pumzi ya pili. Hakikuja. Jiwe lilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia kwa upole, kama Tantine alivyomwambia zamani akikosea:

“Papa, unasahabu ‘not’.”

“Sikusahabu,” akasema.

Akanyoosha mkono, akachukua lile jiwe kutoka kwangu, akaliweka chini ya kiti. Kisha akaniomba nimletee shuka.

Walimpeleka hospitali ya kambi, na huko hakukaa sana. Mama alirudi asubuhi akiwa amefungua kilemba, na kabla hajafika kwenye ua wanawake wa safu yetu walikwisha kutoka nje. Sitaeleza kilio. Kila mtu wa rika langu ana chake. Mikeka ilitandikwa, wazee wa Kasai waliimba kwa Kiluba nyimbo ambazo papa mwenyewe alizijua nusu nusu, mafundi wenzake wa kiwandani walikaa upande mmoja wakitazama viatu vyao. Sisi watoto tuliambiwa papa amekwenda kupumzika. Nilishalijua hilo neno. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikamsikia shangazi akilisema lile jingine, la kufa.

Lakini nawaambia, hata hapo sikukata tamaa. Nilikuwa bado na kitu kimoja. Nilikumbuka kwamba papa alishindwa mara moja tu, na alishindwa kwa sababu alichoka, na mtu akichoka mwenzake humsaidia. Jambo lililotokea lilikuwa la uongo mkubwa kuliko yote, hilo sikuwa na shaka nalo. Lilihitaji tu mtu wa kulikataa vizuri, mtu asiyekohoa. Katika ule umati wote mtu huyo alikuwa mmoja. Nikakaa kwenye ukuta, mahali pangu pa karanga, nikamngoja Tantine Bwalya.

Alikuja mchana. Alikuwa ameshona vitambaa vya msiba tangu asubuhi, amevibeba begani. Alimkumbatia mama, akalia naye, akagawa vitambaa. Kisha akaniona, akaja, akachuchumaa mbele yangu na mwili wake mkubwa, magoti yakilia. Subana ilikuwa kidoleni.

Nikasimama wima. Nikavuta hewa puani, polepole, nikaifungia, nikasema sentensi niliyoiandaa, ya uongo, ili yeye sasa awe mwanafunzi:

“My father is dead.”

Nikamwangalia mdomo. Nililitaka neno moja tu, lile dogo, alilolipanda yeye mwenyewe katika nyumba yetu. Watu waliokuwa karibu hawakuelewa. Mmoja alisema mutoto anaongea Kingereza, maskini. Tantine alikuwa ameelewa. Alikuwa mwanamke aliyechoka, aliyeshona tangu alfajiri, na masikio yake yalikuwa yamezoea kupima sentensi kabla ya kupima habari. Mkono wake ulisogea kidogo, ukagonga ukuta kwa subana, ko, na neno likamtoka kabla hajalizuia.

“Correct,” akasema.

Halafu akaziba mdomo wake kwa mkono ule ule, akanivuta kifuani, na hapo ndipo nilipoanza kulia.